Mbuzi wa Mama Ameliwa Tena

Jumatatu, 1 Januari 2001

Sufuria kubwa bado imenishinda. Mafuta ya mbuzi yakishaganda hayatoki kwa maji baridi, na kuni kavu wamezimaliza wao. Wameondoka saa hii. Kaka yangu Kyalo, mkewe Rose, watoto, gari limejaa mpaka dirishani. Paja zima la mbuzi wamelifunga kwenye karatasi, eti la njiani. Athi River si safari ya kula paja.

Wananichefua. Mifupa imetupwa mpaka chini ya cherehani yangu. Nzi wamejaa kwenye karai la matumbo. Rose alipulizia choo marashi, sasa kinanuka choo na marashi. Na Kyalo akishiba hupangusa mikono kwenye pazia. Pazia nililoshona mimi. Nimelitazama asubuhi, lina alama za vidole vyake vyote.

Lakini kinachonichoma hasa ni mbuzi mwenyewe. Hakuwa mbuzi wa mwaka mpya. Alikuwa mbuzi wa Mama.

Niandike, maana nikimwambia mtu nitapiga kelele. Muli anataka kunioa. Wazee wake wako tayari kuleta ntheo, wale mbuzi ambao bila wao Mkamba hajaoa, hata akipigwa picha kanisani na keki. Lakini Mjomba, kaka yake Mama wa kule Mitaboni, amekataa. Hawezi kuketi kupokea mbuzi wa binti ilhali mbuzi wa mama wa binti hawajawahi kufika kwao. Kumbe! Mama yuko boma hili tangu kabla ya Uhuru. Amezaa hapa, amezeekea hapa, na Baba hakupeleka ntheo. Kila mwaka alikuwa anapeleka mwaka ujao.

Basi mwezi uliopita Baba akaona aibu, akachagua majike wawili na yule beberu mweusi mwenye sikio jeupe. Akasema mwaka mpya ukipita tu tunaenda Mitaboni. Jana Kyalo akafika, akaona beberu amenona, akauliza kisu kiko wapi. Baba alikuwa amekaa pale pale. Neno lake lilikuwa moja, kwamba figo zisiungue.

Mama alikula mwisho, amesimama mlangoni pa jikoni, sufuria mkononi, anakwangua. Sikukuu zote hula hivyo. Nilimwuliza kama hakusikia vibaya. Akasema nimwongezee maji ya moto.

Jumapili, 14 Januari

Sare za shule zimeisha. Mgongo hauna kazi tena.

Jike mmoja amezaa dume. Mama anamlea kama mtoto wa mtu. Nimemwambia amfiche, Kyalo asimtie macho.

Muli alikuja baada ya kanisa. Alikunywa chai, akamsalimia Baba kwa heshima zote, hakuuliza kitu. Upole wake mwingine unaniudhi. Baba kamwambia mambo ni Pasaka. Baba ni mzee wa kanisa, akitaja Pasaka unadhani Yesu mwenyewe amekubali.

Ijumaa Kuu, 13 Aprili

Kuna beberu mwingine. Baba alimpata kwa jirani, walibadilishana na mahindi. Wa kahawia, pembe moja imepinda. Amefungwa nyuma ya ghala. Jumatatu ya Pasaka asubuhi, Baba, wazee wawili na mbuzi wote watatu, Mitaboni. Yamepangwa. Mjomba ameambiwa.

Nimefua suti ya Baba. Nimempigia pasi hata tai. Ninaogopa kufurahi.

Jumapili ya Pasaka, 15 Aprili

Nilijua. Nilijua!

Tumetoka kanisani tukakuta magari mawili uani. Kyalo na marafiki zake wa kiwanda cha saruji, wanaume watano wenye vitambi, hawajasema wanakuja. Wamekaa kwenye viti vyetu vyote, viatu vya vumbi juu ya mkeka. Mmoja ananiuliza soda iko wapi. Ananiuliza mimi, kwetu.

Kyalo akamvuta Baba kando. Niliona shingo ya Baba ikilegea. Ni mtu wa kuona haya mbele ya wageni, haya zake zote huwa ni za wageni, hana za watu wa nyumbani. Akanyoosha mkono kuelekea ghala. Hata hakutembea mpaka pale, alinyoosha mkono tu.

Walimchinjia karibu na tangi la maji. Damu ikatiririka mpaka kwenye mboga za Mama. Mwenye kitambi kikubwa alikuwa anatema mifupa sakafuni kama mtu aliyelipia. Kabla ya kula Baba aliomba sala ndefu, akamshukuru Mungu kwa mke aliyempa. Mke! Nilifungua macho katikati ya sala nikamtazama. Alikuwa amefumba yake kabisa, anamaanisha.

Mama yuko jikoni, moshi, macho mekundu. Wageni wakapaza sauti kumsifu kwa mchuzi. Akala amesimama. Ilibaki shingo.

Jumatatu, 16 Aprili

Suti ya Baba bado inaning'inia ukutani. Mjomba alitungoja na watu wake, walikuwa wamepika uji. Hakuna aliyekwenda hata kumwambia. Nilimtaka Baba aende akaseme mwenyewe, akasema tumbo linamsumbua. Lisingekosa kumsumbua.

Nimeona aibu mpaka kucha.

Jumamosi, 26 Mei

Nimenunua beberu mimi mwenyewe. Jasho la cherehani. Nimemkuta sokoni Kathiani, mweupe, ana ndevu kama mwalimu mkuu. Baba amempapasa, akafurahi, akasema Madaraka ikipita. Sikukuu ikipita, sikukuu ikipita. Kwa nini lazima ipite kwanza? Kwa sababu anajua haitapita na mbuzi akiwa hai.

Safari hii sitangoja Baba.

Ijumaa, 1 Juni

Madaraka. Naandika nikiwa nimejifungia chumbani. Wako nje wanacheka.

Alfajiri nilimfungua yule mweupe nikaondoka naye kwenda Mitaboni, kupanda na kushuka, ananivuta ninamvuta. Nilifikiri nikishamfunga kwa Mjomba, basi, Kyalo atakula mawe. Nilifika nimelowa umande mpaka magotini.

Mjomba alinitazama, akamtazama mbuzi. Akaniuliza baba yako yuko wapi. Nikasema amelala. Wazee je? Nikasema nimekuja peke yangu.

"Basi huyo ni mbuzi tu," akasema. "Ntheo huletwa na mwanamume anayeoa. Nikimfunga hapa watu watasema ni wewe uliyemwoa mama yako."

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Alinipa chai na viazi vitamu, Mjomba akanirudisha na mbuzi wangu. Najua mila zetu, mimi si mtoto. Lakini hasira ilinitangulia, nikadhani mbuzi akifika amefika. Nilikosea.

Na hapo si mwisho. Niko karibu na nyumbani, nimechoka, mbuzi amechoka, gari likasimama nyuma yangu. Kyalo. Akatoa kichwa akanishukuru kwa kwenda kuwatafutia nyama. Yaani aliamini hivyo kwa moyo wake wote. Watoto wakashangilia. Mbuzi akatiwa kwenye buti ya gari, mimi nikabaki na kamba.

Nyumbani nilimwambia Kyalo wazi, Mama akiwa hapo mlangoni pa jikoni, huyo ni wa Mama, ni wa ntheo. Akasema mbuzi hawaishi duniani, na Mama ataenda wapi, kwani ana mahali pengine?

Mama alimpika. Nilimchukia hata yeye leo. Kidogo. Alipokuja kuniletea sahani nilimwambia siwezi kula mahari yake. Akaketi kitandani kwangu, sahani mapajani, akawa anatazama ukuta. Baadaye akaenda kuosha.

Jumapili, 19 Agosti

Rose ameleta watoto likizo ya shule. Wanakojoa nyuma ya jikoni. Nimewashonea kaptula, hakuna asante.

Dume mdogo wa Mama amekuwa mkubwa. Ana mabega. Kijana wa kwanza wa Kyalo ameanza kumwita Krismasi. Hilo ndilo jina lake sasa, Krismasi, Krismasi, kutwa nzima. Wanamfundisha nani? Damu ya baba yao.

Jumamosi, 20 Oktoba

Sikukuu nyingine ya taifa. Kyalo hakuja, gari limeharibika. Namshukuru Mungu kwa gari kuharibika, na sioni dhambi.

Tulikula muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, na kunde, watu watatu. Uani pasafi. Lakini Muli alikuja, na upole wake umekwisha. Mama yake amechoka. Anasema ukoo usioweza kupeleka mbuzi watatu vilima viwili tu una kitu unaficha. Amesema mwaka huu ukiisha bila neno, kuna msichana mwalimu huko kwao, wazazi wake hawana matata. Muli alisema haya akitazama kofia yake. Nilimwuliza yeye anasemaje. Akasema ananitaka mimi, lakini hawezi kumkalia mama yake kichwani milele.

Nimevuka thelathini juzi juzi. Namtaka Muli. Si kwamba nitakufa nikimkosa, lakini namtaka, nataka kwangu, nataka pazia langu lisilo na mafuta ya Kyalo.

Niliyarudia yote kwa Mama, jikoni. Nilisema kwa ukali. Alikuwa anapepeta maharagwe. Akaacha kupepeta.

Jumatano, 12 Desemba

Jamhuri. Kyalo amepiga simu dukani kwa jirani. Anakuja Krismasi na watu wote, na mkubwa wake wa kazi na familia yake. Amesema Krismasi achunwe mapema nyama ipoe. Alikuwa anamaanisha yule mbuzi.

Baba alituletea habari hiyo kama habari njema. Hapo Mama akaacha kumimina chai. Sijawahi kumsikia Mama akimwuliza Baba kitu mbele yangu. Leo aliuliza. Aliuliza yule mbuzi anaenda wapi.

Baba akasema sikukuu haiwezi kwenda bila nyama, na mkubwa wa Kyalo ni mtu mzito. Januari, akasema. Januari bila kukosa.

"Sawa," Mama akasema. Akamaliza kumimina.

Hiyo sawa yake! Nilitoka nje nikatembea mpaka mtoni. Nimeona wanawake wavumilivu wakisifiwa makanisani mpaka nimechoka. Uvumilivu gani huu? Huu ni ugonjwa.

Jumamosi, 15 Desemba

Mama amekuja kwenye cherehani na kitambaa. Cha bluu, maua meupe, sijui alikificha wapi miaka yote. Anataka gauni. Nikauliza la jikoni? Akasema si la jikoni. Na liwe na mfuko.

Jumapili, 23 Desemba

Mama hayupo.

Alivaa gauni la bluu kwenda kanisani. Wanawake walimshika shika kitambaa, akatabasamu. Ibada ilipoisha Baba alibaki na kikao cha wazee. Mama akanivuta kando ya ukuta wa kanisa. Alikuwa na kyondo begani, na leso mbili ndani.

"Mwambie baba yako," akasema, "msichana wa Mitaboni ameenda kwao sikukuu."

Nilidhani anatania. Akanieleza taratibu, kama anayenipa maelekezo ya kupika. Alimsikiliza Kyalo siku ile ya Madaraka, aliposema Mama hana mahali pengine. Amefikiri tangu siku ile. Kama yeye hakuolewa, basi yeye ni msichana wa kwao, na msichana wa kwao hapiki Krismasi kwa watu. Akanishika mkono. Akasema nisipike mimi pia. Kisha akashika njia ya Mitaboni, polepole, kwa ajili ya magoti.

Nilimtazama mpaka akapotea kwenye kona. Nimemwomba Mungu msamaha kwa maneno niliyoandika hapa Jamhuri.

Baba nilimpa ujumbe neno kwa neno. Alicheka. Akasema atarudi kabla ya giza. Giza limeingia. Amekula ndizi mbili.

Jumatatu, 24 Desemba

Baba ameamka kutafuta chai. Hajui majani ya chai yanakaa wapi. Amefungua kabati la nguo.

Sipiki. Nimekaa na cherehani, ninashona vifungo ambavyo havijakatika.

Jumanne, 25 Desemba

Niandike polepole, nisisahau.

Walifika kabla ya saa sita. Kyalo na watu wake, mkubwa wake wa kazi na mke na mabinti wawili, nguo nyeupe. Hakuna moshi jikoni. Hakuna chai. Nilisalimia wageni vizuri, nikawapa maji. Kyalo akauliza Mama yuko wapi. Nikasema ameenda kwao.

Hakuelewa. Akasema kwao ni hapa. Nikamwambia akamwulize Baba.

Aliingia kwenye gari kwa kishindo kwenda Mitaboni kumleta. Alirudi peke yake. Alichoambiwa alikuja kukisema mwenyewe. Alimkuta Mama chini ya kivuli anachambua mchele na shangazi zake, anacheka. Mjomba alimkaribisha, akampa soda, akamwuliza kwa adabu kabisa amekuja kumchukua dada yao kama nani, maana wao hawajaona mtu aliyekuja kumwoa. Kyalo alikunywa soda akaondoka.

Rose alijaribu kuwasha moto. Aliwasha magazeti. Moshi ukawatoa mabinti weupe nje wakikohoa. Wale wageni wakala mkate na soda, wakatazamana, mkubwa akakumbuka ana mgonjwa wa kumwona huko Machakos mjini. Kyalo aliona gari lao likishuka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyevuliwa suruali sokoni. Nilifurahi. Naandika ukweli, nilifurahi sana.

Kisha akachukua kisu. Akasema heri wale wenyewe, mbuzi yupo. Akaenda nyuma ya ghala, sisi wote nyuma yake.

Baba alikuwa ameketi pale juu ya gogo. Sikujua alikuwa hapo tangu lini. Kamba ya mbuzi ameizungusha mkononi mara nyingi. Alikuwa amevaa suti. Ile ya Pasaka, nimeiacha ukutani tangu siku ile, ina vumbi mabegani.

"Usimguse," Baba akasema.

Kyalo akacheka, akapiga hatua.

"Nimesema usimguse. Huyu si wako. Wala si wangu."

Kyalo akabaki na kisu, hajui akiweke wapi. Mwishowe akakirudisha jikoni.

Tulikula makombo ya mkate. Hakuna aliyeomba sala.

Jumatano, 26 Desemba

Tumekwenda. Baba, wazee wawili wa ukoo, Kyalo, mimi nyuma. Majike wawili na beberu. Gari halikutumika, Baba alikataa. Akasema alipaswa kwenda kwa miguu akiwa kijana, ataenda kwa miguu akiwa mzee.

Kwenye kijito beberu akagoma. Kyalo akambeba mabegani. Mbuzi akamkojolea shati lote la Krismasi, likashuka mpaka kwenye mshipi. Alinuka njia yote. Sijacheka hivyo moyoni tangu mwaka uanze.

Mjomba aliwaacha wamesimama nje ya lango, juani, mpaka watu wa kwao wote wakusanyike. Baba alisimama kofia mkononi. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo ikaniudhi. Wazee wakasema yao, ya wenyewe. Beberu akachinjwa, akaliwa na pande zote mbili. Mama alikuwa ndani na wanawake wenzake, hakuruhusiwa kugusa hata kijiko. Niliingia kumwona. Aliniuliza kama Baba ameshika njia vizuri, maana macho yake si mazuri.

Amebaki kwao. Atakuja akishiba kukaa, amesema. Baba akasema ndiyo. Hakutaja siku.

Jumapili, 30 Desemba

Mama amerudi, amesindikizwa na wake za kaka zake. Wameimba kuanzia mtoni. Majirani walitoka kutazama bibi arusi mwenye mvi.

Muli amekuja jioni. Mama yake amekubali. Watakuja Jumamosi.

Jumanne, 1 Januari 2002

Hakuna nyama. Muthokoi na kunde, na kabichi aliyoleta Rose. Kyalo bado anapangusa mikono kwenye pazia. Nimempa kitambaa, ameduwaa nacho.

Rose alinisaidia kuosha. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikakuta sina kitu mkononi. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama najua ntheo za kwake zilipelekwa kweli, maana Kyalo alimwambia zilipelekwa lakini kwao hakuna aliyeziona. Nikasema amwulize mwenyewe. Nadhani amemwuliza ndani ya gari, wakiondoka. Kutoka uani niliona gari limesimama langoni muda mrefu kabla ya kushika barabara.

Tulipokuwa tunakula, Mama aliketi. Kwenye kiti, sahani mapajani, gauni la bluu. Nilimtazama mpaka akaniuliza nina nini. Alitafuna bila haraka, kama mtu asiyengojwa mahali. Kisha akasema kunde hazina chumvi. Hakumwambia mtu, alisema tu.

Baba akainuka kwenda kuitafuta. Alikawia jikoni, tukasikia anafungua makopo, moja baada ya jingine. Nikataka kuinuka nimwonyeshe. Mama akatikisa kichwa. Tukangoja.